Macho ya Kuazima

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Mimi ni kijana wa Manzese, Dar es Salaam, niliyemaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani na cheti ambacho hadi leo hakijanifikisha popote. Nina madaftari manne ya riwaya isiyoisha. Lakini mtaani hawanijui kwa riwaya, wananijua kwa simu. "Mpelekee yule dogo, atakurekebishia." Wala si fundi, hata bisibisi sina. Ninavyovijua ni vitu vidogo vidogo tu: kwamba simu iliyotumbukia ndooni usiifukie kwenye mchele (mwaka 2024 Apple wenyewe waliwaonya wateja wao kuwa chembe za mchele zaweza kuiharibu), kwamba ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni wizi, hata kama siku hiyo kweli ulikuwa na hela ya kumtumia mtu, kwamba mwaka wako wa kuzaliwa haufai kuwa namba ya siri. Mambo ya dakika moja.

Swali langu linahusu dakika hiyo moja. Je, mtu ana haki ya kuficha jambo dogo analolijua, ili watu waendelee kumhitaji?

Kuna bibi mmoja jirani yetu. Alijifunza kusoma ukubwani, enzi zile za madarasa ya elimu ya watu wazima, na mpaka sasa anasoma maandishi makubwa ya kwenye kanga bila kubabaika. Mwanawe yuko Mwanza. Mwaka juzi alimtumia simu ya kupangusa, na bibi akaja nayo kwangu. "Mjukuu wangu, humu ndani naona sisimizi tu. Nisomee."

Nikamsomea. Siku hiyo, na siku zote zilizofuata. Nikawa namtolea na hela zake, namba ya siri akaninong'oneza sikioni kama dua. Sikumwibia hata shilingi, hilo naapa. Malipo yangu yalikuwa sahani ya mihogo na lile jina alilonipa mbele za watu: "Huyu ndiyo macho yangu."

Sasa sikiliza. Kukuza herufi za simu ni kazi ya kufungua Mipangilio, ukatafuta Onyesho, ukaingia kwenye ukubwa wa maandishi, ukasogeza kidole kulia. Majina hutofautiana kidogo baina ya simu na simu, ila njia ni hiyo hiyo. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, nikanyamaza.

Utasema, mbona fundi naye hafundishi watu kubadili kioo? Nimeliwaza sana hilo. Fundi ana ujuzi wa mikono, ana vifaa, ana kodi ya kibanda. Ujuzi wake ndio shamba lake. Lakini zile herufi kubwa zilikuwa tayari ni za bibi, zilikuja ndani ya simu yake. Mimi nilikuwa namchotea maji ya kisima chake mwenyewe, halafu napokea shukrani. Na elimu si pilau, kwamba nikimpakulia yeye sahani yangu inapungua. Kilichokuwa kinapungua ni ukubwa wangu tu. We acha, ukubwa una utamu wake, hasa kwa kijana asiye na kazi.

Ningeishia hapo ningekuwa mchoyo tu. Lakini mwezi wa Februari ulikuja ujumbe kutoka Mwanza: "Mama sina hela. Na usinipigiepigie, unanichosha." Bibi alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasoma: "Mama, mwezi huu mambo magumu, nivumilie. Nakupenda, nitakupigia." Akacheka, akaenda kuniletea mihogo.

Nilijiambia ni huruma. Baadaye, nikiwa na daftari langu, niligundua kwamba ile ndiyo hadithi pekee niliyowahi kuimaliza, na msomaji wake hakujua kuwa ni hadithi. Mwandishi wa riwaya hudanganya kwa makubaliano. Jina la kitabu liko juu, msomaji kakinunua mwenyewe. Bibi hakukubali chochote. Aliniazima macho, nikampa mdomo.

Tangu hapo nikawa nimefungwa. Nikikuza herufi, atausoma ule ujumbe. Nikiufuta kwanza, huo si wizi? Nilikaa na jambo hilo majuma kadhaa.

Jumamosi moja nilikwenda, nikamwamkia, nikaomba simu. Sikufuta kitu. Nilisogeza kidole mpaka mwisho wa kulia, nikamrudishia. Kisha nikamwonyesha pa kubadilishia namba ya siri, nikageukia ukutani wakati anabonyeza.

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akipandisha juu ujumbe mmoja baada ya mwingine. Nilijua alipofika Februari kwa sababu kidole kilisimama. Akarudia mstari ule mara mbili.

"Hapa umesema ananipenda," akasema. "Hebu nionyeshe."

Sikuwa na cha kumwonyesha.

Alikaa kimya kitambo, simu mapajani. Halafu akanipa tena.

"Nifungulie pa kumjibu. Kisha kaa kule, mbali kidogo."