Nani Alilipa Karo?

Machungwa yakifika kiwanda cha kupakia, mengi hutiwa thiabendazoli yasiote ukungu safarini. Maji yanayobaki huwa sumu kwa viumbe wa mtoni. Watafiti wa Ugiriki walichota udongo mahali maji hayo yalikomwagwa, wakapata humo bakteria wanaoila dawa yenyewe. Wazo ni kuwatumia kusafisha maji kabla hayajatoka kiwandani.

Poa sana. Lakini hebu ngoja: hao bakteria walisomea wapi? Kwenye udongo ulionyweshwa sumu tena na tena. Karo yao ililipwa na udongo huo, pamoja na minyoo wake, ambao hakuna aliyewauliza.

Mimi nasema watumike tu, maji ni maji. Ila mwenye kiwanda asije akaniambia ati kule kumwaga kulikuwa utafiti.