Adhuhuri ya Rakaa Mbili

Siku ya mwisho ya likizo ya ng'ambo ni kama siku isiyo na mwenyewe. Hoteli inakitaka chumba chake, ndege haiondoki mpaka usiku, na begi limefungwa na kufunguliwa mara tatu. Wapo wanaoimaliza siku hiyo kwa kukimbizana na maduka, wapo wanaoikalia matanga. Wote hao wameshakubaliana bila kusema kwamba likizo imekwisha, na kilichobaki ni gharama ya kufika nyumbani. Nauliza kama wana haki ya kuamini hivyo. Njia ya kurudi ni sehemu ya safari, au ni mabaki yake? Nashikilia kwamba marejeo ndiyo safari yenyewe, kuliko hata zile siku tulizoziendea.

Nianze na swala, kwa sababu hapo sharia ililazimika kuamua jambo ambalo sisi hatulifikirii: lini mtu anakuwa msafiri, na lini anaacha kuwa msafiri. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mwenye safari ya halali ya kilomita 80 na kitu anaruhusiwa kuswali adhuhuri, alaasiri na isha rakaa mbili badala ya nne. Lakini akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hiyo humwondokea tangu anapofika. Chukua basi familia ya Mombasa inayokwenda Istanbul kwa siku 10. Muda wote wanapozunguka Sultanahmet, wakivuka Bosporus kwa feri na kupiga picha, kifiqhi wao ni wakaazi, na rakaa zao ni nne kama walivyoziacha kwao Kisauni. Siku ya mwisho, gari linapoziacha nyuma nyumba za mji kuelekea uwanja wa ndege, ndipo wanakuwa wasafiri tena, na hubaki hivyo mpaka wauingie mji wao. Siku tunazoziita safari zilikuwa ukaazi, na ile tunayoiona si siku ndiyo safari. Sidai kwamba mafakihi walikuwa na likizo akilini. Nasema tu kwamba hukumu yao inalingana na hali ilivyo: aliyetulia mahali, hata pawe pageni namna gani, ana kitanda, ana saa zake za kula, na siku ya tatu ana njia aliyoizoea. Anayerudi hana hata kimoja katika hivyo.

Mtu atasema hiyo ni hesabu ya rakaa, haina la kutufunza kuhusu thamani. Basi tutazame mahali ambapo kuondoka kwenyewe kumefanywa ibada. Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba mtu asiondoke Makka mpaka jambo lake la mwisho liwe kwenye Nyumba, yaani kuitufu Kaaba, na wanawake walio katika hedhi wakasamehewa. Imam Nawawi alishika kauli kwamba tawafu hii ya kuaga haimo katika amali za Hija. Ni ibada ya kuondoka, na inamhusu hata mkaazi wa Makka anayetoka kwa safari ndefu. Wanazuoni wa Kishafii wakaingia ndani zaidi. Aliyekwisha kutufu kisha akakawia kwa shughuli isiyohusu safari, kama kununua bidhaa au kumzuru mgonjwa, atatufu tena. Akikawia kwa kununua masurufu ya njiani au kufunga mizigo, tawafu yake imesimama. Mpaka huu umewekwa kwa uangalifu wa kustaajabisha: kufunga mzigo kumo katika kuaga, biashara haimo. Istanbul si Makka, na hakuna thawabu maalumu ya kuuaga Bosporus. Hata hivyo, anayesoma hukumu hizi hawezi tena kusema kwamba saa za kuondoka ni saa tupu.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya dini yenyewe. Mtume alisema kwamba safari ni kipande cha adhabu, humnyima mtu chakula, kinywaji na usingizi wake, na kwamba aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Kama ni hivyo, marejeo si zaidi ya kuikimbia adhabu. Nakubali kwamba adhabu ipo. Lakini Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihyaa, anaeleza kwamba safari imepewa jina hilo kwa Kiarabu kwa sababu inafichua tabia za watu. Sasa hoteli itafichua nini, ambamo kila kitu kimelipiwa ili mtu asiudhike? Ni kwenye viti vya uwanja wa ndege, watoto wamechoka, pesa za kigeni zimebaki sarafu, ndipo hujulikana nani ana subira na nani alikuwa ameikodi kwa siku kumi. Ghazali mwenyewe aliiacha Baghdad mwaka 1095, akaenda Damascus, Jerusalem na Makka. Anasema maombi ya watoto wake ndiyo yaliyomvuta kwao. Alipokubali kufundisha tena, huko Nishapur mwaka 1106, aliandika kwamba ingawa amerudia kufundisha, hakurudi, kwa kuwa kurudi ni kuyarejea yale yaliyokuwapo. Mabadiliko hayo asingeweza kuyathibitisha jangwani. Yalihitaji kazi ile ile ya zamani. Mabaharia wetu wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na watu huichukua methali hiyo kama onyo kwa mtoro. Mimi naiona ngama ilivyo: ndipo chini ya chombo maji yanapojikusanya, na ndipo penye kazi ya kuyakumba.

Wanasaikolojia nao wana la kusema kuhusu mwisho wa mambo. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwatia watu mkono katika maji ya baridi kwa sekunde 60, kisha mara nyingine kwa sekunde 60 hizo hizo pamoja na 30 za ziada, maji yakipashwa moto kidogo. Walipoulizwa ipi warudie, wengi walichagua ile ndefu, yenye maumivu zaidi, kwa kuwa iliishia vizuri. Kwa hiyo, atasema mwingine, jipange upate chakula kizuri cha mwisho, basi. Lakini huko ni kuihudumia kumbukumbu. Anayerudi anarudi kwa watu, na watu hao hawakuwamo katika kumbukumbu yake.

Ndiyo maana nazipenda adabu za kufika. Mtume alimkataza aliyekuwa mbali kwa muda mrefu kuwajia watu wake usiku kwa ghafla, ili mke apate nafasi ya kujitengeneza. Nyumba nayo ilikuwa na siku zake, na ina haki ya kujiandaa. Mtume mwenyewe akirudi alianzia msikitini, akaswali rakaa mbili, kisha akakaa na watu waliokuja kumlaki. Familia yetu ya Istanbul nayo iko njiani. Adhuhuri wakiiswali kabla ya kufika, ni rakaa mbili. Wakiichelewesha mpaka Changamwe, ndani ya mji wao, ni nne.