Je, Mzee Arudi Mashindanoni?



Kijana mmoja wa hapa Madale aliniuliza: "Mwalimu, mtu aliyeacha triathloni miaka ishirini, akirudi uzeeni si anatafuta sifa tu?" Mchezo wenyewe si haba: katika Olimpiki ni kuogelea mita 1,500, baiskeli kilomita 40, kisha kukimbia kilomita 10.

Nilimtajia Ndugu Filbert Bayi. Mwaka 1974, mjini Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Mwaka 1976, akiwa bado katika nguvu zake, Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal, naye hakukimbia. Alirudi kwenye Olimpiki mwaka 1980, Moscow, katika mbio nyingine kabisa, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akapata medali ya fedha. Hakumdai Bayi wa 1974.

Kosa, naona, si kurudi. Ni kuudai mwili ule ule, kama mtu anayedai deni lililokwisha kulipwa. Nasema hivyo kwa aibu. Nilipoanza tena kukimbia nilipitwa na watoto wa shule ya msingi, nikanuna siku mbili, hata mke wangu akauliza nimefiwa na nani. Basi kumbe nilirudi kutafuta sifa, kijana hakukosea. Jumamosi nitakwenda tena, ila saa ya mkononi nitaiacha mezani.