Masala ya Mwajiriwa Aulizwaye Habari ya Kazi Yake

Wamekhitalifiana watu katika jambo hili: mtu yumo katika kazi ya kiwanda au shirika, naye aona kwa macho yake kwamba kazi ile yapungua, mishahara yachelewa, na mashine moja baada ya moja zanyamaza, kisha amjia jamaa yake amwuliza, "Je, nami nije niandikwe hapo?" Amjibu nini? Wako wasemao kwamba mtu aliyekula chumvi ya tajiri wake haimpasi kumfunua. Na wako wasemao kwamba ndugu ni damu, na tajiri ni mpita njia. Kila kauli ina sehemu yake ya haki, wala hapana hata moja itoshayo.

Na masala haya si ya kubuni. Katika nchi ya Newala na Masasi yametukia, na wengi wayakumbuka.

Msimu wa mwaka 1973 na 1974 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, na sehemu iliyo kubwa ilitoka upande wa kusini. Serikali ikaona si vyema korosho kupelekwa Bara Hindi na maganda yake, zikabanguliwe huko na faida ikabaki huko. Ikakopa fedha, nyingine kwa Benki ya Dunia, ikaleta mashine kutoka Italia na Ujapani, na viwanda vya kubangua vikafika 12: viwili katika hivyo viko Newala, na kimoja Masasi. Walakini wakati kuta zile zikiinuka, mikorosho ilikuwa imeanza kuachwa. Watu walihamishwa katika vijiji vipya miaka ile ya 1970, wakawa mbali na mashamba yao ya zamani. Bei ya mkulima ilikuwa haba. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, ukaunguza maua kabla hayajashika tunda. Msimu wa 1986 na 1987 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Viwanda vilivyoweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka vikakosa cha kubangua, na vilivyo vingi vikafungwa.

Basi na atazamwe mtu aliyesimama ndani ya kiwanda kama hicho. Yeye ndiye ajuaye mwanzo. Bwana mkubwa aweza kusema kwamba mwakani mambo yatakuwa mema, lakini ghala husema kabla yake: mwaka huu magunia yafika darini, mwaka wa pili yafika kifuani, mwaka wa tatu mtu aona sakafu. Aulizwapo na mwana wa nduguye habari ya kazi, haulizwi kwa kuwa ni mfasaha wa kusema. Aulizwa kwa kuwa ameona sakafu.

Na watu wa uwanda wa Makonde hawana haja ya kufundishwa maana ya swali hilo. Uwanda wao u juu, na maji tangu zamani yalikuwa chini ya miteremko. Aliyepanda na mtungi hukutana na ashukaye, naye humwuliza kama maji yapo. Lau yule apandaye asema yapo, naye ameacha tope tupu, mwenziwe atashuka bure na kupanda bure, na jua limekwisha kuwa kali. Hapana atakayemsamehe kwa kusema kwamba alitaka kukisitiri kisima.

Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kuwa atakwaye shauri amewekewa amana. Na amana haiwi nusu. Imepokewa tena katika Sahihi ya Muslim habari ya Fatima binti Qays, alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kutaka shauri. Mtume hakusema kwamba wote ni watu wema, ingawa walikuwa Masahaba. Alimwambia kwamba Abu Jahm ni mtu wa fimbo, na Muawiya ni fukara asiye na mali. Akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita mbio. Ukali wa fimbo ni tabia ya mtu, lakini ufukara si dhambi. Nao ulitajwa pia, kwa kuwa mwenye kuuliza atauishi. Ndiyo sababu yule asemaye, "Kiwanda chetu hakina kosa, ni mikorosho iliyougua," hajamaliza amana yake. Akisema kwamba bwana wake si mwovu amesema kweli, na amtendee haki hiyo. Lakini aseme na kwamba mshahara wa mwezi wa tatu haujatoka.

Ama wale wachao kwamba maneno hayo ni kusengenya, Imamu Nawawi, naye ni nguzo katika madhehebu ya Shafii, amezitaja sababu sita zihalalishazo kumtaja mtu kwa aibu yake, na moja katika hizo ni kuwatahadharisha watu na kumpa nasaha mwenye kutaka shauri katika ndoa, ushirika, amana au muamala. Kuajiriwa ni muamala. Na katika biashara wanavyuoni wetu hawakumlazimu muuzaji peke yake kueleza kasoro ya kitu. Hata mtu wa nje aijuaye imempasa amwambie mnunuzi. Mtu ajazaye kokoto chini ya gunia la korosho amekwisha kujulikana hukumu yake. Je, yule aliyeziona akanyamaza? Sharti yake ni kwamba aseme alichokiona, kwa kadiri ya haja, wala asichanganye na uvumi wa barazani wala na hasira ya kunyimwa cheo.

Jambo jingine ni kwamba ulimi uliolipwa haufai kwa ushahidi. Zamani za mkonge, kabla ya vita vya pili na baada yake, watu wengi wa uwanda huu waliandikwa kwenda mashambani, nao wakaitwa manamba. Na wapo waandikishaji waliopata ujira kwa kila kichwa. Sifa zao za shamba zilikuwa na bei. Aliyerudi na mgongo wake ndiye wa kuulizwa.

Lakini na aliyebaki kazini ana ulimi wenye kifungo, ingawa hakulipwa kusifu. Watu husema, "Lau pangekuwa pabaya angeondoka." Hiyo si hoja. Huenda amebaki kwa kuwa ana deni, au angojea haki yake ya uzeeni, au hana ufundi mwingine. Yafaayo kwake hayamfai kijana asiyefungwa na lolote. Kwa hiyo amweleze pia sababu ya kubaki kwake, kwani kimya chake juu ya hilo ni sifa asiyoitia nia.

Na asiogope kwamba huenda kesho mambo yakageuka, akaonekana mwongo. Muawiya aliyetajwa kwa ufukara alikuja kuitawala Sham, kisha mwaka 41 wa Hijra akashika dola nzima. Wala shauri alilopewa Fatima halikuwa na kasoro. Alimwoa Usama, na mwanzo hakumpenda, kisha akaona kheri nyingi. Shauri hutolewa kwa siku yake.

Imebaki yule ambaye hakuulizwa, naye asikia kwamba jirani yake wa Masasi anauza shamba la mikorosho ili amwandikishe mwanawe mahali anapopajua yeye kuwa hapana mwaka mmoja mbele. Hapa wako wasemao angoje aulizwe. Lakini madhara yakiwa ya yakini, na shamba likiisha kuuzwa halirudi, kungojea huko ni vigumu kukupatia udhuru; na aende usiku huo huo, kabla ya mashahidi wa mauzo kuitwa.