Mipaka ya Medani ya Vita

Wanapotaja medani ya vita, wenye elimu ya kijeshi hawakusudii uwanja mmoja ambapo majeshi mawili yamekabiliana, bali eneo zima la bara au bahari lenye majemadari wake, njia zake za chakula na silaha, na mwendo wa vita usiotegemea sana yanayojiri kwingineko. Na kutotegemea huko ndiko, kwa muhtasari, alikokueleza Carl von Clausewitz wa Prussia katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1832, baada ya kufariki kwake. Maelezo hayo yana mantiki, na jemadari anayahitaji, maana hakuna awezaye kuamrisha vita visivyo na mipaka katika fikira zake. Lakini mipaka hiyo huwekwa kwa faida ya nani?

Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Afrika ya Mashariki ilihesabiwa huko Ulaya kuwa medani ya pembeni. Naye Paul von Lettow-Vorbeck, amiri wa jeshi la Wajerumani, aliugeuza unyonge huo kuwa hila, kwani nia yake ilikuwa kuyashughulisha majeshi ya Uingereza huku ili yasipate kupelekwa Ufaransa. Basi tangu Tanga, Novemba 1914, hadi Mahiwa, Oktoba 1917, kisha ng'ambo ya mto Ruvuma katika nchi iliyotawaliwa na Wareno, vita vilimfuata kila alikokwenda, na medani ikawa msafara. Alisalimu amri mahali palipoitwa Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Na tumtazame mpagazi wa vita hivyo, mmoja wa wale ambao jina la kikosi chao limesalia katika jina la mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam: alitwaliwa kijijini kwake kwa nguvu, akatwikwa sanduku la risasi, akafa njiani kwa kuhara, mahali ambapo mlio wa bunduki haukusikika kabisa. Je, alifia ndani ya medani au nje yake? Na mkulima ambaye mtama wake ulichukuliwa na jeshi moja, na masazo yakachukuliwa na la pili, akabaki na njaa yeye na aila yake? Ramani za vita hazina jawabu, kwa kuwa waliozichora waliiona nchi hii kuwa masafa ya kupita tu.

Mimi nashikilia kwamba medani huenea hadi yanapofika madhara ya vita, hata kama mstari wa jemadari umeishia mbali na hapo. Na kwa kipimo hicho, wanahistoria wanaoiita Afrika ya Mashariki medani ya pembeni wawajibika kuliacha jina hilo.