Mti Wangu, Hasara ya Jirani



Huku kwetu nyanda za juu za Kusini, tangu Mufindi hadi Njombe, shamba la misonobari, au mipaini kama wengi tuiitavyo, ndiyo akiba ya nyumba. Mtu huuza miti akalipa karo, akaezeka bati, akamtibu mgonjwa. Kwa hiyo majani yakigeuka manjano, na ungaunga mweupe ukaonekana kwenye matawi machanga, moyo wa mwenye shamba hushtuka. Nataka tujiulize: je, mti unaougua shambani mwangu ni shauri langu peke yangu?

Ungaunga huo ni nta iwafunikayo vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mti. Walionekana Kenya mwaka 1968, wakaenea hata kwetu. Kisha wakaja vidukari wengine, wa miberoshi: Malawi mwaka 1986, Tanzania mwaka 1988, Kenya mwaka 1990. Hao walikausha mashamba na nyua nyingi. Upepo uliwabeba, wala hakuna aliyewazuia mpakani.

Wako wasemao, "Shamba ni langu, nitafanya nipendavyo." Ni kweli kwamba shamba ni lake. Lakini kidukari hajui jiwe la mpaka. Nikipanda miti kwa kubananisha ili nipate mingi, nisiipunguze inapokua, kila mti humnyima mwenzake maji na chakula. Yote hudhoofika, na mti dhaifu hauwezi kustahimili wadudu. Tamaa yangu imekuwa hasara ya mjane aliye na nusu eka ng'ambo ya kijito. Hapo siwezi tena kusema ni shauri langu.

Wengine husema, "Basi alazimishwe kukata leo leo." Hapo pia tutulie. Miti ile labda ndiyo karo ya mtoto wake. Tukimwambia akate kwa faida yetu sote, halafu tumwachie hasara peke yake, tumemfanyia haki gani? Naona kwamba wanaookolewa na hasara ya mtu hawana budi kuibeba pamoja naye. Twende na mashoka yetu, tumsaidie kukata na kusomba, tumtafutie mnunuzi wa nguzo na kuni, tumpe miche kutoka vitaluni mwetu. Tusipokuwa tayari kufanya hivyo, tusimkemee.

Tena tusikimbilie dawa ya kupuliza. Dawa nyingi huua pia wadudu wanaokula vidukari, na adui akirudi hukuta walinzi wamekufa. Huko Malawi mwaka 1994 aliachiliwa nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Ulaya, ambaye hutaga yai ndani ya kidukari wa mberoshi, na funza wake humla kutoka ndani. Msaada wa namna hiyo huenda polepole, nao hutaka watu wenye subira.

Lakini subira ni nini? Tukumbuke mfano wa Bwana wetu juu ya mtini usiozaa. Mtunza shamba aliuombea mwaka mmoja zaidi, lakini hakuomba ili akae kitako: aliahidi kupalilia na kutia samadi. Naye alikubali kwamba mwaka ule una mwisho. Rehema yake ilikuwa na jembe mkononi, na ilikuwa na kikomo. Anayeuacha mti uliokwisha kufa usimame kwa sababu baba yake aliupanda, hamheshimu baba. Angemheshimu zaidi kwa kupanda mwingine, wa aina mbalimbali, kwa nafasi ipasayo.

Basi, ndugu msomaji, juma hili tembea shambani mwako uitazame miti. Ukiona ungaunga, usifiche kwa aibu; mwambie jirani. Na jirani akija kukuambia, usimwulize kwanza ni kosa la nani. Mwulize mtaanza siku gani.

Mungu atupe macho ya kuona hasara ya mwenzetu kuwa yetu. Amina.