Kufikiri kwa Mwenye Kuongoza

 

Watu wengi wa mwambao wamezowea kumsifu mkubwa kwa wepesi wa kauli. Mzee wa mtaa au msimamizi wa wakfu aulizwapo jambo akajibu papo hapo, husemwa, "Huyu ndiye mwanamume." Na aombapo siku mbili za kulizingatia, watu hunong'onezana barazani ya kuwa hana moyo. Hukumu hii ina ila kubwa, kwani yachanganya ushujaa na haraka. Mwenye kujiamulia mambo yake mwenyewe, akikosa, hasara ni yake. Lakini mwenye kuwaamulia watu, hasara ya haraka yake hulipwa na mayatima, na wajane, na wasiokuwapo kikaoni. Kwa hivyo kufikiri, ambako kwa mtu wa kawaida ni fadhila, kwa kiongozi ni deni.

Na izingatiwe khabari ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) pale Sargh, mpakani mwa Hijazi na Shamu, yapata mwaka wa 638 au 639 wa Miladi. Alikuwa safarini kwenda Shamu, akalakiwa na maamiri wa majeshi, miongoni mwao Abu Ubaida bin Al-Jarrah, wakamwambia ya kuwa tauni imeingia nchini. Umar akawaita Muhajirina wa kwanza, akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana vile vile. Ndipo akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa Fat-hi, na hao hawakupingana: warejeshwe watu, wasiingizwe katika maradhi. Akanadi ya kuwa kukicha ataondoka kurudi.

Hapa lipo jambo ambalo wengi hulipita upesi. Khalifa huyu hakuona haya kuonekana hajui. Wala, baada ya kundi la kwanza kugawanyika, hakushika upande ulioipendeza nafsi yake akasema kwamba ameshauri, alizidi kuuliza. Kisha Abu Ubaida akampinga mbele ya watu: je, ni kuikimbia kadari ya Mungu? Umar akatamani neno lile lingalisemwa na mwengine asiyekuwa Abu Ubaida, lakini hakumnyamazisha kwa cheo. Alimjibu kwa hoja, kwamba watu wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye ng'ambo mbili, moja ya majani na moja kavu: popote alishapo, ni kwa kadari. Baadaye akaja Abdulrahman bin Auf, ambaye hakuwapo kwa haja yake, akatoa hadithi ya Mtume (s.a.w.): nchi iliyoingia tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mungu, akaondoka. Abu Ubaida akarejea kwa jeshi lake, na katika tauni ile akafa. Mmoja alirudi na mmoja alibaki, na wote wawili wamo ndani ya hadithi ile ile.

Zaidi ya hayo ni khabari ya ardhi ya Iraki, iitwayo Sawadi. Baada ya ushindi, askari walitaka wagawiwe mashamba, na hoja yao haikuwa dhaifu, kwani ardhi ya Khaybar iligawiwa. Bilali akaishikilia sana. Umar akakaa siku kadha katika shauri hilo, akiuliza: wakija watu baadaye wakakuta ardhi imekwisha gawanywa na kurithiwa, watapata nini wao, na watapata nini wajane na mayatima? Akapata hoja yake katika Suratul Hashri, penye kutajwa wale wajao baada ya waliotangulia. Ardhi ikaachwa mikononi mwa wenyeji wenye kuilima, ikatozwa kharaji, na Uthman bin Hunaif akapelekwa kuipima. Mwenye kujibu papo hapo angaliwaridhisha wale waliosimama mbele yake tu.

Huenda mtu akasema: mwenye kufikiri sana hatendi. Ni kweli kwamba fikra ina kikomo. Siku ya Uhud, mwaka wa 625, shauri lilipokwisha kukatwa la kutoka nje ya Madina, Mtume (s.a.w.) alivaa deraya, sahaba wakajuta kwa kumshurutisha, wakataka kumwachia khiari, naye hakuivua. Na juu ya msiba uliopatikana siku ile, aya iliyoshuka katika Aali Imrani ilimwamrisha kuwasamehe na kuendelea kuwashauri. Matokeo mabaya hayakuliondoa shauri.

Waama kujifunza uongozi, miaka mingi peke yake haimfundishi mtu. Nahodha aliyekwenda na kusi na kurudi na kaskazi, ikiwa hakuuliza kwa nini chombo kilipanda mwamba mwaka jana, mwamba ule ule wamngoja. Imamu Ghazali, katika Ihyaa, aliweka kitabu kizima cha muraqaba na muhasaba, na mara baada yake kitabu cha tafakuri. Illa nafsi ni wakili hodari wa mwenyewe, na hesabu ikaguliwayo na aliyeiandika hutoka sawa daima. Kiongozi ahitaji mtu wa kumwambia kosa lake, na wengi wa wakubwa hujizungushia wasemao "ndiyo, bwana" tu.

Wako na waikimbiao taabu hii kwa jina la dini. Husema wamekwisha sali Istikhara, basi hapana haja ya hesabu wala ya mashahidi. Istikhara huombwa na mtu aliyekwisha kusudia jambo, akalijua ni jambo gani. Msimamizi atakaye kuikodisha nyumba ya wakfu kwa miaka mingi, na hati ya mwenye kuweka wakfu hajaisoma, hajafika bado mahali pa kuomba. Kwanza na alifungue sanduku, aitoe hati, aisome.